Orodha ya Vitakavyoondolewa

Mashahidi watatu, yaani fundi wa kompyuta, mkewe na muuguzi wa zamu, walitofautiana katika mengi, ila mambo mawili waliyakubali bila kusita: kompyuta ya wodi ya watoto njiti haikuwa na spika, na waya wake wa mtandao ulichomolewa. Hata hivyo, saa nane mchana, ilipumua.

Fundi ndiye aliyeyaanzisha. Binti yake, mwenye umri wa siku tisa, alilala ndani ya sanduku la joto namba nne, na programu iliyosoma pumzi za watoto ilikuwa toleo kuukuu lililowasha ovyo kengele za ukutani.

"Fundi, mashine yako inalia kuliko watoto," muuguzi alimtania. "Siku ikisema kweli, nani atainuka?"

Maneno hayo yalimchoma. Ghala rasmi la programu, yaani hifadhi ya mtandaoni kompyuta inakozipakua, halikuwa na toleo jipya. Alilipata katika ghala jingine, la mtu asiyejulikana, akaliongeza kwenye orodha ya maghala ambayo kompyuta inayaamini na kuamuru programu ipandishwe toleo. Kompyuta ikaorodhesha vitakavyowekwa na vitakavyoondolewa, kisha ikauliza kama anakubali. Mafundi wengi orodha hiyo hawaisomi. Naye hakuisoma, akabonyeza ndiyo.

Kengele zikanyamaza. Ikaja harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Mnasikia pumzi hiyo?" mkewe alinong'ona.

Muuguzi aliinamia sanduku. "Mtoto anapumua vizuri, mama. Lakini sauti hiyo haitoki kwake."

Fundi alichomoa waya wa mtandao, na bado programu ziliendelea kupakuliwa, toleo juu ya toleo, huku pumzi ile nzito, ya mtu mzima, ikiendana na kifua cha mtoto, kikipanda inapopanda, kikitua inapotua, hata asijue nani anamfuata mwenzake. Ndipo akafungua kumbukumbu za kazi aliyoiidhinisha mwenyewe, akaitafuta orodha ile, akakuta chini kabisa: *Itaondolewa: pumzi ya namba nne. Itawekwa: pumzi yangu.*

"Rudisha ya zamani," muuguzi alisema, akirudi nyuma.

Fundi alilifuta ghala lile, akaamuru toleo la zamani lirejee. Kompyuta ikauliza tena. Safari hii alisoma kila neno.

*Itaondolewa: pumzi yangu. Itawekwa: hakuna.*

"Mume wangu, usiguse."

"Lakini aliye humo si..."

"Amenishika kidole. Usiguse, nakuomba."

Akabonyeza hapana.

Yawezekana mistari ile iliandikwa na mhuni fulani. Yawezekana hofu iliwazulia masikio. Binti ana miaka sita sasa, mzima, mcheshi. Kompyuta ile, ambayo babake aliiomba hospitali ilipotaka kuitupa, akaihamisha ikiwa bado inawaka kwa betri, inanguruma chini ya kitanda chake, na haizimwi. Ilizimika mara moja tu, umeme ulipokatika na betri ikagoma, kwa sekunde kumi na moja. Mtoto alikuwa mezani akisimulia habari za shule. Alibaki kijiko mkononi, macho wazi, kifua kimetulia tuli. Umeme uliporudi, akamalizia neno alilokuwa ameanza.

Ushahidi ndio huo wote. Pima mwenyewe, kisha useme: pale kidole kilipokuwa juu ya kitufe, wewe ungejibu nini?