Mgeni wa Alhamisi

Kiti cha kwanza kilikuwa kimeshafutwa. Chiriku alikuwa akikivuta cha pili kutoka ukutani, kitambaa chenye unyevu kikimning'inia begani, mama yake alipochungulia kutoka jikoni.

"Vigeuze kidogo, visikodoleane macho kama vya mahakamani. Na hiyo meza itoe katikati."

"Ndiyo, mama."

Chumba hicho cha mbele ndicho mama alichofanyia kazi. Watu wenye huzuni, hofu au jambo lililowakaa moyoni walikuja kuzungumza naye, kila mmoja kwa saa moja. Viti vyote viwili vilikuwa vya urefu mmoja, maana mama hakutaka mgeni ajione yuko chini yake. Watu walimwita mshauri, ingawa ushauri wenyewe hakuutoa. Fundi viatu wa jirani alipenda kulichekea jambo hilo. "Nilimuuliza nifanyeje, naye akaniuliza mimi naonaje! Kama ni kujiuliza mwenyewe, si ningebaki na viatu vyangu?" Hata hivyo, alirudi mara nne.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake ndiye aliyembandika jina hilo kwa sababu ya maneno yake mengi, lakini siku hizi maneno hayo yalikosa msikilizaji. Jana tu alikuwa ameanza, "Mama, leo rafiki yangu amehama dawati letu, amekwenda kukaa na—"

"Amekimbia kelele zako," mama alimkata, mikono ikiwa kwenye sufuria. "Soksi umefua?"

Mazungumzo yakaishia kwenye soksi.

Na leo, Alhamisi, alikuwa anakuja yule msichana wa mkoba wa njano. Chiriku hakujua kilichomleta, kwa kuwa mama hakusimulia kamwe habari za wageni wake. Lakini mara nyingi, akianika nguo uani, aliwaona kupitia pazia jepesi la dirishani. Msichana angeweza kukaa kimya dakika kumi. Mama alimngojea tu, mikono imetulia mapajani, kana kwamba hakuna sufuria wala soksi duniani. Roho ilimuuma Chiriku. Kwa nini mtoto wa watu apewe saa nzima, na yeye aliyezaliwa humu ndani apewe makombo?

Saa kumi jioni ilipokaribia, mama aliingia bafuni kunawa uso. Mlango ukagongwa. Chiriku alifungua.

"Hujambo," alisema msichana kwa sauti ndogo. "Nimekuja kumwona mama."

Mama! Neno hilo lilimchoma Chiriku kama mwiba.

"Mama yangu hayupo," alijibu. Kisha, kabla hajajizuia, akaongeza, "Na amesema usije tena. Amechoka na wewe."

Msichana hakulia. Alipandisha mkanda wa mkoba begani, akageuka, akaondoka.

Chiriku alidhani sasa saa ile itakuwa yake. Alimkuta mama ameketi chumbani peke yake, kiti cha mgeni kitupu.

"Mama, kwa kuwa hajaja, naweza kukaa hapo?"

"Hapana, mwanangu. Hii ni saa yake. Hata akichelewa, anikute."

Mama alikaa humo hadi saa kumi na moja. Chiriku alibaki koridoni, wivu umemjaa. Hata asipokuwepo, msichana yule bado alikuwa na saa yake!

Haukupita muda mrefu, simu ikalia. Mama alisikiliza, akasema maneno machache, akaikata taratibu.

"Ni shangazi yake. Mtoto amejifungia chumbani. Anauliza amenikosea nini hata nimchoke." Akamtazama binti yake. "Mlango ulifungua wewe."

Chiriku hakukana. "Nilisema uongo, mama."

Mama alifungua mdomo kukaripia. Akaufunga. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake. "Niambie," alisema, kisha akangoja.

Maneno yakatoka kwa fujo. "Kwa sababu yeye unamsikiliza! Mimi hunisikilizi. Rafiki yangu hakukimbia kelele zangu, mwalimu amemhamisha kwa sababu haoni ubao. Nilitaka kukwambia tu kwamba nimebaki peke yangu!"

"Umebaki peke yako darasani," mama alisema polepole. "Na ukija nyumbani, nakukata kauli."

"Kila siku!"

Mama aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Wageni nawapa masikio, wewe nakupa amri. Wivu wako siulaumu. Uongo uliousema mlangoni ndio siukubali."

"Sasa nifanyeje?"

"Wewe unaonaje?"

Chiriku alijifuta machozi. Lau angeagizwa, ingekuwa rahisi. "Niende nikamwambie mwenyewe. Leo leo."

Walikwenda pamoja, jua likiwa bado juu ya mapaa. Shangazi, mwanamke mrefu mwenye aproni iliyojaa unga, alimwita mpwa wake, kisha akasimama kando na mama.

"Mama yangu hajakuchoka," Chiriku alisema. "Alikuwepo, na alikungojea saa nzima. Nilikudanganya kwa sababu nilikuonea wivu."

Msichana aliutazama ukuta. Chiriku aliwashwa na ulimi. Alitaka kusema usijali, alitaka kusema nisamehe basi tuyamalize. Aliyameza yote, akangoja. Muda ulikuwa mrefu kuliko alivyowahi kudhani.

"Nilifikiri nimemchosha kwa kunyamaza," msichana alisema hatimaye.

"Ulifikiri unamchosha."

"Ee. Kuna siku sisemi kitu kabisa." Akamgeukia. "Sijakusamehe bado."

"Sawa."

"Lakini Alhamisi nitakuja. Ila mlango usifungue wewe, chonde!"

"Nitamwachia mama," Chiriku alisema, na kwa mara ya kwanza msichana alikaribia kutabasamu.

Njiani mama alimshika mkono. "Umeona? Ulimnyang'anya mwenzako saa yake, lakini wewe hukuipata. Uongo wa wivu ndivyo ulivyo, unamwumiza mwingine na kukuacha na njaa ile ile. Siku nyingine moyo ukikuuma, useme ukweli mapema. Nisiposikia, nivute gauni."

"Hata ukiwa na sufuria?"

"Hata nikiwa na sufuria. Na mimi nina la kujifunza."

Nyumbani, sare za shule zilikuwa zikingoja kunyooshwa. Mama alipasha pasi moto, akamaliza shati moja, kisha Chiriku akamvuta gauni.

"Mama, kuna jambo."

Mama alichomoa waya ukutani, akaketi. Chiriku alianza kusimulia, akasita, akaanza upya, na hakuna aliyemkata. Pasi ilipoa mezani. Mashati matatu yalibaki na makunyanzi yake, yakisubiri kesho asubuhi.