Kalamu ya Baba Mdogo

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaotembea na barua za kuingia chuo kikuu, kaeni mnisikilize. Leo sitasema kwa upole.

Asubuhi moja karakana ya seremala ilikuwa tulivu. Mwenyewe alikuwa akipima mbao za kitanda. Binti yake mdogo, kiziwi tangu utotoni, alipiga msasa miguu ya kiti. Alikuwa amesoma miaka sita katika shule ya bweni ya viziwi, akarudi mwaka uliopita akiwa na lugha kamili mikononi mwake, na kuikuta nyumba nzima haijui hata salamu yake. Walimgusa bega wakamwonyesha kwa kidole: fagia, kula, lala. Basi.

Dada yake, mwanafunzi mpya wa ualimu, alikaa na fomu ya masomo mapajani. Masomo matano yalikuwa ya lazima, yameshachapwa. Chini yake palibaki mstari mmoja mtupu wa somo la kuchagua. Akaandika: Lugha ya Alama. Akamwonyesha mdogo wake. Binti yule, ambaye katika maandishi alijua maneno machache tu, aliusoma mstari mara mbili, akatupa msasa, akamkumbatia mpaka vumbi la mbao likahamia kwenye gauni la dada.

Ndipo akaingia baba mdogo. Huyu alikuwa karani wa ofisi kubwa na msomi pekee wa ukoo. Alikuwa na kauli juu ya ndoa za watu, mazishi ya watu, hata rangi ya milango ya watu. Aliichukua fomu, akaisoma, akacheka. Akamuuliza kaka yake kama amempeleka mtoto chuo kikuu akajifunze kuchezesha vidole. Akatoa kalamu mfukoni, akakata mstari ule, akaandika juu yake: Uhusiano wa Umma.

“Baba,” mwanafunzi alisema, “atakayelisoma ni mimi.”

“Baba yako mdogo anaona mbali,” seremala alijibu, macho yakiwa kwenye futi. “Sisi tunajua mbao tu. Tia sahihi, mwanangu, tusimvunjie heshima.”

Akatia sahihi. Chuo kilitoa wiki mbili za kubadilisha masomo. Mara mbili alifika mlangoni kwa msajili, na mara mbili akarudi, akiogopa kuitwa mtovu wa adabu. Heshima gani hiyo, jamani, inayomfunga mtu mdomo katika jambo lake mwenyewe? Akaishia kwenye ukumbi wa watu mia nne, mhadhiri akiwasomea karatasi zilizogeuka manjano.

Mwezi wa pili wa masomo, siku ya Jumatatu, mdogo wake aliingia ndani ameziba jicho la kushoto. Mama akalisafisha kwa maji, akidhani ni vumbi la mbao. Binti akatikisa kichwa. Akagonganisha ngumi, akaonyesha kule karakana, kwenye jiwe la umeme la kunolea patasi, akachomeka vidole ndani ya kiganja. Akarudia, na akarudia tena. Seremala akasema mtoto amechoka kazi, apumzishwe. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano dada alirudi kutoka chuoni, akaitazama mikono ile ikimwambia neno, naye hakuelewa kitu. Alhamisi jicho lilikuwa limefunga ukungu.

Hospitalini muuguzi mmoja alijua lugha ya alama. Alipoinua tu mikono, mikono ya binti ilianza kukimbia. Muuguzi akawageukia wazazi na dada.

“Anasema jiwe la kunolea lilirusha kipande cha chuma kikaingia ndani ya jicho. Tangu Jumatatu.” Akawatazama mmoja mmoja. “Anasema aliwaambia. Kila siku aliwaambia.”

Chuma kilitolewa. Jicho halikupona.

Baba mdogo alikuja kutoa pole, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mwanafunzi, ambaye hakuwahi kumjibu mkubwa, alisimama.

“Usimsingizie Mungu, baba mdogo. Nimekwenda kumuuliza mhadhiri wa somo ulilolikata. Neno ‘chuma’ na neno ‘ndani’ yalifundishwa wiki ya tatu. Wewe ulikata, baba akakubali, na mimi nikatia sahihi. Mdogo wangu peke yake ndiye ambaye hakuulizwa, na yeye ndiye aliyelipa.”

Baba mdogo akamtazama kaka yake, akingoja atetewe.

“Ndugu yangu,” seremala akasema, “nenda kwako.”

Kwa msajili mwanafunzi alijibiwa kwamba tarehe zimepita. Uhusiano wa Umma umebaki kwenye rekodi yake. Lakini mhadhiri wa lugha ya alama alimruhusu kukaa darasani bila alama za mtihani, na kila alichokipata alikileta nyumbani. Seremala alijifunza neno moja kwanza, akilifanyia mazoezi nyuma ya rundo la mbao ili asionekane. Asubuhi moja akasimama mbele ya binti yake mdogo, vidole vigumu kama vigingi, akamwambia: nisamehe.

Binti alimtazama kwa jicho lililobaki. Hakutabasamu. Akaushika mkono ule, akanyoosha kidole kilichokosea, akamwashiria arudie.

FUNZO

Kijana, somo la kuchagua ni lako kulichagua. Uliza, sikiliza ushauri, kisha andika mwenyewe, na ukikosea, rudi kabla tarehe hazijapita. Adabu haimaanishi kuwa bubu. Nanyi wakubwa mnaozunguka na kalamu mfukoni, msidharau elimu kwa sababu ninyi hamna haja nayo. Katika nyumba hiyo hiyo mnayoitolea amri, yupo mtu anayesema, na hakuna anayemwelewa.