Uso Chini ya Kitanda

"Mama, Ngusa anataka kunitoa kafara."

Mama Salome aliacha kupepeta choroko. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni pale Ibadakuli na begi moja, vumbi la Geita bado liko kwenye viatu.

"Kaa kwanza. Umekula?"

"Nimekuta kichwa changu chini ya kitanda, mama. Cha mti. Macho yangu, paji langu. Kimefungwa kaniki na kupakwa mafuta. Na juzi juzi nilimshtukia ananipima uso kwa uzi, anadhani nimelala. Nikamuuliza, akasema anafukuza mbu."

"Mbu anafukuzwa kwa uzi?"

"Ndiyo hapo sasa."

Machimboni hadithi hizi watu hunywea uji. Mwanamume akikosa dhahabu muda mrefu huenda kwa mganga, na mganga humwambia alete anayempenda. Ngusa alikuwa hajaona hata punje tangu masika.

Simu ya Salome ikalia. Ujumbe.

"Mke wangu uko wapi? Nimekuta kaniki imefunguliwa. Nakuomba usimwambie mtu mpaka nifike."

Mama akausoma mara mbili. "Usimwambie mtu. Amejimaliza mwenyewe huyu. Kesho namwita baba yako mdogo, ng'ombe wao wa mahari warudi."

Salome akaichukua simu yake. Kilichomuuma ni kwamba moyo wake bado ulimtaka mtu yule yule.

Kesho yake asubuhi Ngusa akabisha hodi, kiroba begani. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa makamo, viganja vimejaa makovu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ishia hapo hapo. Na huyo ndiye mganga wako?"

Yule mwanamke akacheka. "Mchawi nimeitwa miaka mingi. Mganga ndiyo leo. Naitwa Apolonia, natoka Runzewe. Nachonga sanamu."

"Unachonga watu ili wafe?"

"Nachonga waliokwisha kufa, mama."

Ngusa akapiga magoti, akafungua kiroba, akakitoa kile kichwa cha mti. Ungo ukamponyoka Mama Salome, choroko zikatapakaa uani. Akanyoosha kidole, akagusa kovu kwenye kidevu cha ule mti.

"Maduhu," akasema taratibu. "Salome, huyu si wewe. Huyu ni baba yako."

Maduhu na wenzake walifukiwa na shimo la dhahabu Salome akiwa bado ananyonya. Mwenye shimo hakuleta koleo. Alileta trekta, akasawazisha, akafungua shimo lingine pembeni. Leo anaitwa mheshimiwa na hukalishwa viti vya mbele. Waliobaki chini hakuna anayewataja. Hata picha moja ya Maduhu haikubaki.

Apolonia ndiye aliyekuwa akiwapikia. Uji wao ulipoa jikoni kwake. Akaokota matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo, akaanza kuchonga sura zao kwa kisu cha jikoni, asije akazisahau. Kijiji kikachoma sanamu ya kwanza na kumfukuza. Akachonga ya pili.

"Kwa nini hukuniambia?" Salome alimuuliza mumewe.

"Niliogopa utakimbia, kama ulivyokimbia. Nilitaka ukione kikiwa kimekamilika, mafuta yameshakolea mti usipasuke. Mama huyu alikuona siku ile tumekwenda mnadani Runzewe, akaniambia mkeo ana uso wa Maduhu. Kidevu na kovu alikumbuka. Macho ya Maduhu yalikuwa yamemfutika kichwani. Akanituma niyapime kwako."

"Kwa uzi."

"Kwa uzi."

"Na mbu?"

"Mbu nilitunga."

Mama Salome akacheka huku machozi yanamtiririka. "Basi ng'ombe wabaki walipo."

Salome akakipakata kile kichwa. Tangu utotoni, akiulizwa habari za baba yake, alitazama chini na kujibu kwa kifupi, kana kwamba kufukiwa ni aibu ya aliyefukiwa.

"Walipochoma ya kwanza hukuogopa?" akamuuliza Apolonia.

"Niliogopa. Hata sasa nachonga huku naogopa. Ningengoja woga uishe, baba yako angebaki udongo."

"Wabeja, mayu," Salome akasema, shukrani kwa mama yule imemtoka kwa lugha ya nyumbani bila kuitafuta. "Wabeja sana. Na wale wenzake?"

"Wanangoja. Mikono yangu imeanza kuchoka."

"Nifundishe. Nataka mama zao nao wawaguse."

Apolonia akaelekeza kidole kwenye sanamu. "Tuanzie hapo hapo. Jicho la kushoto limepinda. Mumeo alipima gizani, tena kwa hofu."

Salome akavuta uzi kwenye pindo la kanga yake, akaukata kwa meno, akampa Ngusa. Kisha akakaa kwenye kigoda katikati ya choroko, uso juu, mwanga wote ukimwangukia.

"Pima," akasema. "Leo sijalala."