Mgeni wa Chumba Cheusi

Rangi ilikataa kupauka. Balaa lilianza hivyo tu. Hapakuwa na bundi paani wala mbwa aliyebweka bila sababu, ni vijiko viwili vya maji yenye rangi ya waridi ndani ya kichupa, na yale maji yakakataa kupauka.

Mwenye kichupa alikuwa mwanabiokemia. Majirani walimwita Daktari na kumletea vikohozi na magoti yao. Kila siku aliwaambia, "Jamani, mimi si daktari wa watu, mimi nachunguza macho ya ng'ombe," nao wakacheka na kuendelea kumkoholea.

Lakini ndiyo kazi yake ilivyokuwa. Kila Jumanne na Ijumaa aliletewa kutoka machinjioni ndoo ya macho yaliyofungwa ndani ya mfuko mweusi, akajifungia nayo kwenye chumba cheusi cha maabara, chumba kisicho na dirisha, chenye taa moja nyekundu hafifu ya kufanyia kazi, na taa kubwa nne za kuwashwa kazi ikiisha. Humo aliyapasua, akabandua retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kisha akakamua rangi yake. Gizani rangi hiyo ni ya waridi. Ikipigwa na mwanga inapauka, inakuwa ya manjano, halafu karibu maji matupu, na kule kupauka ndiko kunakotuwezesha kuona. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo.

Kwa hiyo mlango wa chumba kile ulikuwa na sheria. Ukibisha hodi, aliye ndani anajibu "Giza!", maana yake baki huko huko nje, au "Mwanga!", maana yake kazi imefunikwa, ingia. Neno "karibu" lilipigwa marufuku, kwa sababu mdomo hulitoa kabla kichwa hakijafikiri, na mtu akifungua mlango kazi ya siku nzima inaharibika. Fundi maabara, mzee mtani aliyeitwa Babu Chupa, aliandika mlangoni kwa chaki: HUMU HATUKARIBISHI MTU.

Sasa, mwezi ule Daktari hakuwa na kichwa. Binti yake wa pekee, mtoto wa miaka tisa aliyeitwa Maswali kwa sababu mdomo wake haukupumzika, alikuwa anapofuka. Alianza kwa kujikwaa jioni. Kisha akawa anaona katikati tu, kama anachungulia kwenye bomba. Bingwa wa macho alisema kwamba kabla ya mwaka kwisha na bomba lenyewe lingeziba. Alilisema hilo kwa mama aliyekula miaka kumi na mmoja akisomea retina! Hebu fikiria uchungu huo. Hakuwa akilala, na chakula alikigusa tu ili mumewe asimsemeshe.

Ijumaa moja mchana alikuwa peke yake ndani ya chumba cheusi, mikono imezama kazini, mawazo yako kwa mtoto.

"Hodi," ikaita sauti ya kiume, ya upole.

"Karibu," akajibu.

Akauma ulimi papo hapo, akafunika kichupa kwa kiganja akisubiri mwanga umwagike. Mlango haukufunguka. Kilichoingia kilikuwa harufu, ile ya nguo iliyokunjwa mbichi ikafungiwa sandukuni. Halafu, nyuma ya bega lake la kushoto, akasikia kitu kinafumba na kufumbua, polepole, kwa sauti ndogo ya unyevu.

Aliwasha taa kubwa. Hapakuwa na mtu. Babu Chupa alirejea baada ya nusu saa, akaapa kwamba alikuwa machinjioni muda wote huo.

"Ulijibu nini?" akauliza.

"Nilisema karibu. Niliteleza tu."

Mzee wa utani siku hiyo hakutania. Alikitazama kichupa kilichokuwa mezani, chini ya taa zinazowaka, bado cha waridi. "Daktari," akasema kwa sauti ya chini, "hicho kimwage."

Hakukimwaga. Alikiweka juani siku tatu, rangi ikabaki vile vile. Alirudia kazi kwa macho mengine arobaini, yote yakapauka kama kawaida. Basi likamwingia wazo ambalo, kama angelisikia kwa mwanafunzi wake, angemfelisha bila kupepesa macho. Alijua fika kwamba tone la dawa haliwezi kufika kule nyuma. Alijua kwamba rangi isiyopauka haioni. Lakini mtoto wake alikuwa amegonga mlango kwa paji la uso asubuhi ile, na wewe uliye na akili timamu njoo umhukumu. Jumatatu, baada ya shule, alimlaza Maswali kwenye kochi, akamdondoshea tone moja kila jicho.

Jumanne mtoto alisoma bango la duka lililo ng'ambo ya barabara. Jumatano akatunga uzi kwenye sindano ndani ya kabati lililofungwa. Bingwa wa macho alimpima mara mbili, akavua miwani yake akaisafisha, akampima tena, akasema kwamba miaka yote ya kazi yake hajaona macho kama yale. Daktari alitoka pale akicheka na kulia kwa pamoja, akamnunulia mtoto vitabu sita.

Baba yake Maswali alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alirudi Alhamisi, wiki mbili hajaonekana nyumbani, akaketi mezani na vumbi lake la njiani. Akasema, "Haya, Maswali, nasikia siku hizi unaona mpaka mawazo ya watu."

Mtoto akaangaza macho huku na huku. "Mama, simu iko wapi? Baba anapiga."

Wakacheka. Baba akasema, "Simu gani? Niko hapa, mwanangu."

"Baba, utarudi lini?" akauliza Maswali, akiitazama chumvi, akimtazama baba yake kifuani kama mtu anayetazama ukuta.

Kicheko kikakatika. Baba aliinuka, akazunguka meza, akambeba kama alivyozoea kumbeba tangu mchanga, na mtoto yule, aliyejiona anapaa hewani bila mtu wa kumshika, alipiga ukelele uliowatoa majirani vibarazani, akarusha mateke na kukwaruza, akimlilia mama yake amwokoe na kitu kinachomshika, huku baba amesimama na damu shavuni, hajui kama amkumbatie zaidi au amwachie, na ile harufu ya nguo mbichi ikipanda kutoka kwenye nywele za mtoto.

Baba alilala ndani ya lori.

Ijumaa jirani akatoweka machoni pa mtoto, Jumamosi shangazi. Huyu shangazi, dada yake baba, alikuwa mwanamke asiyepuuzwa hata na mvua. Alisimama mbele ya mtoto, akapunga mikono, akaita, asionekane. Alimvuta Daktari jikoni.

"Wifi, hayo si macho ya mtoto wetu," akanong'ona. "Kuna mtu anachungulia kupitia kwake."

"Anaona, wifi. Umepata kumwona akisoma vile?"

"Anaona nini? Mimi hanioni! Kaka yangu anakula kwenye lori kama mwizi!"

"Bora asituone sisi, ausome ulimwengu," akasema Daktari, na alimaanisha. "Hata mimi akiacha kuniona, sawa. Nitampikia, nitamfulia. Nimekubali."

Shangazi akashika kichwa. "Mungu wangu. Umeshaanza kupatana na hilo jini."

Kilichomvunja Daktari hakikuwa maneno ya wifi yake. Jumatatu Maswali alirudi kutoka shuleni, akaweka mkoba chini, akaketi bila swali hata moja. Mama yake akamuuliza kulikoni.

"Darasani kuna madawati tu, mama. Chaki inaandika peke yake. Nasikia wenzangu wanacheza na siwaoni, nikienda wanapocheza wananigonga." Akamtazama mama yake kwa yale macho mazuri, maangavu. "Mbona na wewe leo umepauka?"

Daktari alimpigia wifi yake simu papo hapo.

Mganga aliyeletwa alikuwa mzee mfupi mwenye miwani minene. Shangazi alimwonya kaka yake asicheke. Babu Chupa aliwafungulia maabara saa sita mchana, wakati wengine wamekwenda kula. Mganga akataka wote waingie chumba cheusi: mama, baba, mtoto. Hakuwasha kitu isipokuwa ile taa nyekundu. Alimsikiliza Daktari mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mimi sina uwezo wa kumtoa," akasema taratibu. "Hakuvunja mlango. Alibisha, akakaribishwa. Anayemuaga mgeni ni mwenyeji. Na uangalie unavyomuaga. Ukisema karibu tena, atarudi. Ukisema kwaheri ya kuonana, mtaonana. Sema kwaheri ya kutoonana. Umtazame machoni ukisema."

"Machoni kwake? Yuko wapi?"

Mganga akageuza uso kumwelekea mtoto.

Daktari alipiga magoti. Katika wekundu ule macho ya Maswali yalikuwa makubwa, hayapepesi, kisha yakafumba na kufumbua polepole kwa sauti ndogo ya unyevu, na mdomo wa mtoto ukafunguka, sauti ikatoka ya kiume, ya upole, yenye adabu zote.

"Mwenyeji wangu. Nimevunja chombo gani hapa kwako? Ulikuwa unaniomba kila siku, usiku na mchana, bila kunijua jina. Nikaja. Mtoto anaona."

"Haoni watu."

"Watu wananitazama. Sipendi kutazamwa, kwa hiyo nawapausha. Nikitoka natoka na mwanga wangu, na ule wake uliobaki nilishautumia. Hataona bomba, hataona tundu la sindano. Fikiri vizuri, wewe ni msomi."

"Usimsikilize," mganga akanong'ona.

Lakini alimsikiliza, kwa sababu jini lile lilisema yale aliyokuwa akijiambia mwenyewe kitandani: kwamba kuna vitabu, kuna rangi, kuna nyota ambazo mtoto hajaziona, kwamba mama ni mtu mmoja tu na dunia ni kubwa, kwamba neno moja likibaki mdomoni mtoto atatoka pale akiona. Mumewe alikuwa amesimama kando ya mlango, mkono mdomoni, akilia kimya asije akamtisha tena binti yake. Kisha ile sauti ya kiume ikakatika katikati, na sauti ya Maswali mwenyewe, nyembamba, ikapenya.

"Mama? Mama, uko wapi? Ulikuwa hapa sasa hivi. Mama, usiniache peke yangu!"

Alikuwa amepiga magoti mbele yake, pua kwa pua.

Daktari aliushika uso ule kwa mikono miwili. Mtoto akapiga kelele kwa kuguswa na asichokiona, akajikunja, lakini mama hakuachia. Aliyatazama macho aliyoyazaa, akajua kwamba neno analolitoa litamfikia jini na litamfikia mtoto pia, na kwamba kwa wote wawili litakuwa kweli.

"Kwaheri," akasema, akavuta pumzi. "Kwaheri ya kutoonana."

Upepo ulipita kwenye chumba kisicho na dirisha. Vichupa viligongana rafuni vyote kwa pamoja, mlango ukafunguka wenyewe ukajibamiza ukutani, na huko nje ukumbini Babu Chupa akasikika akiita jina la Mungu. Harufu ya nguo mbichi ikakatika. Mwanga wa mchana ukaingia, na mganga akainuka akawasha taa kubwa, zote nne.

Maswali akanyoosha mkono, akapapasa hewa, akaligusa shavu la mama yake na hakupiga kelele.

"Mama. Mbona umelowa?"

"Jasho tu, mwanangu."

Baba alisogea akachuchumaa, hakuthubutu kumgusa. Mkono wa mtoto ukamfikia wenyewe. Ukapita kwenye ndevu, kwenye mkwaruzo, kwenye sikio, ukarudi kwenye ndevu.

"Baba! Baba umerudi! Umerudi lini? Mbona hamkuniambia?" Akamrukia shingoni, akamng'ang'ania, akicheka, maswali yakamtoka mfululizo kama zamani. Baba alimkumbatia na kumtazama mkewe juu ya bega la mtoto, chini ya taa nne zinazowaka.

"Kuna giza jamani," akasema Maswali. "Washeni taa nimwone baba."