Kitambaa cha Bluu Kwenye Mpini

Jua lilikuwa linazama mjane alipoingia dukani kwa fundi kamera, ameikumbatia miguu mitatu ya stendi ya kamera kama mtoto mgonjwa. Miguu hiyo tu ndiyo iliyookotwa kinamasini, mahali mumewe alipokuwa akipiga picha za ndege. Mumewe hakuonekana. Wala kichwa cha stendi, kile kinachoshika kamera.

Nyumbani ilibaki kamera ya akiba na lenzi ndefu. Alitaka kuyapekua matete kwa lenzi ile, apate walau mwili wa kuzika. Katika kila sala alimwomba Mungu kaburi tu.

"Lenzi yenyewe nzito, mama?"

"Nzito."

"Basi achana na kichwa cha gololi. Kitaangusha shingo kama mlevi msibani." Fundi akacheka, kisha akakumbuka anaongea na nani. "Samahani, mama. Chukua chenye mpini. Unakigeuza taratibu, ukikiacha kinatulia. Ninacho kipya, na hiki kilichotumika."

Akafungua boksi. Harufu ya tope ikatoka.

Mpini ulikuwa umevishwa kitambaa cha bluu. Mishono ile aliijua. Aliishona mwenyewe, ili chuma kisimuumize mumewe kwenye baridi ya alfajiri.

"Kimeletwa na nani?" alinong'ona.

"Mwanamume mmoja, mchana huu. Hakutaka hata senti. Alisema mwenyewe atakuja kukichukua." Fundi akatazama sakafu. "Aliposimama paliloa. Nimepadeki... hapakauki."

Alimsihi achukue kipya. Mjane alivishika vyote viwili. Kipya kilikuwa safi, hakikumjua mtu.

"Mungu wangu, nitangulie," akasema, akachagua kile cha zamani.

Kesho yake jioni shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimsindikiza kinamasini. Wakafunga kichwa, wakaweka kamera. Mjane akakaza skrubu mpaka kidole kikamuuma.

Vyura wakanyamaza.

Krrr...

Mpini ukaanza kugeuka. Polepole.

"Shemeji, ni wewe?"

"Mikono yangu hii hapa!"

Ukasimama. Mjane akaweka jicho kwenye kamera. Katikati ya matete... kiganja.

Shemeji akaingia majini hadi kifuani, mjane akisali kwa sauti. Aliporudi, alikitazama kwanza kichwa kilichobeba kamera.

"Ni yeye, shemeji. Tumempata. Lakini mkononi... ameshika kichwa cha stendi."

"Nini?"

"Kina kitambaa cha bluu."

Walimzika nacho, maana vidole havikukubali kufunguka. Mjane alimshukuru Mungu kwa kaburi.

Kile kingine kiko sebuleni, juu ya miguu yake mitatu. Hakitupi, mishono ni yake. Kila siku anakigeuzia ukutani na kukikaza.

Lakini jioni, akiwa katikati ya sala, husikia krrr...

Akiinua macho, anakikuta kimeacha ukuta.

Kinaelekea pale alipopiga magoti.