Shangazi Alisema Hana Hela

Kila asubuhi ya likizo ya Desemba nilikuwa nafagia uwanja wa Shangazi Eufrasia, kule Kambarage mjini Shinyanga. Mdogo wangu Adam, mwenye miaka saba, alikuwa anawafungulia kuku na kuwawekea maji. Tukimaliza tunanawa, tunakunywa chai, kisha Shangazi anakwenda kazini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambako alikuwa karani. Kwetu ni Kharumwa, lakini kila mwaka likizo ile tulikuwa tunaimalizia kwake.

Kusema kweli, hatukuwa tunafuata kufagia. Shangazi hana mtoto wa kumzaa, na ikifika Desemba alikuwa anatufurahisha sisi: chipsi kuku kila Jumamosi, soda, nguo mpya za Krismasi. Mwaka juzi alitupeleka mpaka Mwanza tukaone ziwa. Wenzetu wa Kharumwa walituonea wivu mpaka mwezi wa pili.

Mwaka jana mambo yakabadilika. Siku ya kwanza tulikula ugali na mlenda, siku ya pili ugali na dagaa. Asubuhi tulikunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kwetu tunavyo gunia zima. Yaani tulipanda basi kutoka Kharumwa kuja kula michembe! Jumamosi ya kwanza ikapita, na ya pili nayo ikapita.

Adam ndiye aliyeuliza. Likizo iliyotangulia Shangazi alimwahidi mbele yangu kwamba akijua kusoma, atamnunulia kuku mzima ale peke yake. Sasa alikuwa anasoma kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa sabuni.

"Shangazi, nimejua kusoma," alisema tukiwa tunakula.

"Hongera, baba."

"Na kuku wangu?"

Shangazi aliliacha tonge lake kwenye sahani. "Mwaka huu sina hela, wanangu. Mnisamehe."

Adam hakulia. Alisema "Sawa," akaendelea kula. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, ila nikajizuia. Mtu akisema hana, utamfanyaje?

Ijumaa moja Shangazi aliondoka akaisahau simu yake kwenye chaji. Saa nne ujumbe ukaingia. Ningeweza kusema niliuona kwa bahati mbaya, lakini huo ungekuwa uongo. Niliifuata simu, nikaishika, nikausoma. Ulikuwa ujumbe wa benki. Mshahara wa Shangazi ulikuwa umeingia, na salio lake lilikuwa milioni tatu na laki nane.

Milioni tatu na laki nane, na mtoto wa watu anaambiwa kuku hakuna! Nilifungua kundi la WhatsApp la ukoo wetu, ambamo wamo Bibi Paskalia, baba, baba wadogo na binamu wote. Nikatuma picha ya ujumbe ule wa benki, kisha nikabonyeza kurekodi sauti yangu.

"Mimi Noela. Shangazi anasema hana hela. Hebu someni wenyewe. Hapa tunashinda njaa, na Adam analia kila siku."

"Mimi silii," alisema Adam, aliyekuwa amesimama pembeni yangu.

"Nyamaza wewe!"

Nikatuma. Nilijisikia vizuri sana, na nilijiona shujaa. Raha ile ilidumu kama robo saa hivi, kisha simu ikaanza kuita. Alipiga Bibi, akapiga binamu wa Geita, akapiga Bibi tena. Niliizima, nikairudisha kwenye chaji, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Shangazi aliporudi jioni aliiwasha, akasikiliza sauti yangu mara mbili. Kabla hajasema lolote Bibi alipiga. Alikuwa anafoka kiasi kwamba hata mimi nilimsikia: "Eufrasia, wajukuu zangu unawashindisha njaa? Nilikulea hivyo?" Shangazi alijaribu kujibu, lakini simu ilikwishakatwa.

Nilisubiri anichape. Hakunichapa. Aliingia chumbani akatoka na barua, akaibamiza mezani mbele yangu.

"Wewe si msomaji wa mambo yangu? Soma na hii!"

Ilikuwa barua ya kiwandani, iliyoandikwa tangu Januari. Ilisema ajira yake ingekoma tarehe thelathini na moja Desemba.

"Nyumba hii nimeijenga kwa mkopo," alisema. "Bado miaka miwili ya marejesho. Nisipokuwa na mshahara nitalipa na nini? Benki wataiuza. Nimewaomba nimalize deni lote mwezi huu, wamekubali na riba wamenipunguzia. Mwaka mzima sijala nyama, Noela. Nywele zenyewe sijasuka. Hela ya deni ndiyo imetimia leo, na wewe umeitangazia ukoo mzima!"

"Kwa nini hukutuambia?" Na mimi nilikuwa bado nina hasira.

"Watu wakijua una hela, wanakuja. Wakijua huna kazi, wanakucheka. Nikaona bora niseme sina."

"Na Adam uliyemwahidi?"

Shangazi aliichukua barua yake akaingia chumbani. Hatukusemeshana tena siku ile.

Kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, Baba mdogo Donatus akabisha hodi. Yeye ni mchimbaji mdogo kule Geita, na alikuwa amepanda basi la kwanza alfajiri. Viatu vyake vilikuwa bado vina udongo wa machimboni.

"Shikamoo, Baba mdogo," nilimwamkia.

Hakuitikia. Alipita moja kwa moja mpaka sebuleni. "Dada, mwezi wa tisa nilikuomba hela ya pampu, ukaniambia huna. Duara letu, shimo lenyewe la kuchimbia, limejaa maji, wenzangu wanaondoka mmoja mmoja, na mwamba wenye dhahabu nimeuona kwa macho yangu! Kumbe umekalia mamilioni, na watoto wa kaka wanalala njaa!"

"Donatus, punguza sauti."

"Sipunguzi! Milioni mbili, dada. Siondoki hapa bila milioni mbili."

Nilimtazama Shangazi nikitegemea kwamba atamfokea, maana ni mdogo wake. Hakumfokea. Alikuwa amechoka. Usiku kucha ndugu walikuwa wamemwandikia maneno makali kwenye lile kundi, na mmoja alimwita mchawi wa watoto. Alichukua mkoba wake.

"Twende," alisema. "Benki wanafunga saa sita. Nisije nikaambiwa nimewatupa ndugu zangu kwa sababu ya matofali."

Aliitia mkobani ile barua ya kiwandani. Hapo nilijua kwamba hela ikitoka leo, nyumba imekwenda, na aliyeiondoa ni mimi. Nilijikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Nikaenda kusimama mlangoni.

"Baba mdogo, nilidanganya."

"Toka njiani, mtoto."

"Hatushindi njaa! Tunakula mara tatu kwa siku. Adam hajalia hata siku moja. Niliongeza kwa sababu nilikuwa na hasira. Na hela ile ni ya kumaliza mkopo wa nyumba, maana Shangazi ameachishwa kazi!"

"Noela!" alifoka Shangazi.

Baba mdogo alisimama. "Eti dada, ni kweli?"

Shangazi alitoa barua mkobani akampa. Baba mdogo aliisoma polepole mpaka mwisho, akaketi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, dada. Mimi ni ndugu yako. Ungeniambia haya, ningekuja kukuomba?"

"Ungekuja," alijibu Shangazi. "Ungekuja, Donatus. Mwamba huo umeanza kuuona tangu mwaka juzi."

Baba mdogo alitaka kubisha, akaona haya. "Labda ningekuja," alisema. Kisha akainuka. "Haya, twende benki. Ukalipe deni lako."

Walikwenda pamoja. Deni likalipwa lote, na Shangazi akapewa karatasi yenye muhuri. Baba mdogo alirudi Geita mchana uleule bila pampu. Aliaga kwa kununa, lakini aliaga.

Saa kumi Shangazi alitupeleka kwenye kibanda cha chipsi karibu na soko. Aliagiza kuku mzima wa Adam, na chipsi kavu zangu na zake. Sahani zilipofika, alinisogezea simu.

"Kabla hujala, rekebisha."

Nilirekodi mbele ya wateja wote. "Mimi Noela. Jana nilisema uongo. Hatujashinda njaa na Adam hajalia. Bibi, naomba umsamehe Shangazi, na mimi mnisamehe." Bibi alijibu kwa neno moja tu: "Wabeja." Kwa Kisukuma ni asante, na hakuongeza kitu.

Shangazi alirudisha simu mkobani. "Sasa nisikilize. Mimi nilikosa. Nilisema sina, kumbe ninayo. Nilipaswa kuwaambia, 'Ninayo, lakini ina kazi yake, kwa hiyo mwaka huu hakuna nguo wala Mwanza. Kuku wa Adam yupo, kwa sababu nilimwahidi.' Kuku mmoja asingenipotezea nyumba. Ukibana hela mpaka ukabana na ukweli, watoto watakuona adui, na hawatakosea sana."

Alikula chipsi moja.

"Na wewe ulikuwa na haki ya kukasirika. Ungekuja kwangu na hasira yako ukaniuliza, ningeshindwa kukujibu. Lakini ulishika simu isiyo yako, ukaongeza njaa ambayo haipo na machozi ambayo hayapo. Ukiwa na hasira ndipo uwe mwangalifu zaidi na ukweli, maana uongo wako nusura unitoe kwenye nyumba yangu."

"Bado umenikasirikia, Shangazi?"

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itakapoisha yenyewe," alisema, akanimwagia nusu ya chipsi zake kwenye sahani yangu. "Kula, zinapoa."