Yaryna na Fundi Vioo

Kioo kilivunjika kwa sauti tamu, kama vijiko vikimwagika sakafuni, na upande mzima wa soko la Barabashovo ukanyamaza. Watu wa Kharkiv, mji wa Ukraine unaopigwa makombora, hawaipendi sauti hiyo. Wanawake waliokuwa wakichagua nyanya waliinama nyuma ya meza, muuza soksi akatazama angani. Kisha wote wakaona ni kitu gani, wakaanza kucheka na kutukana kwa pamoja.

Katikati ya vipande walisimama watu wawili wakiangaliana. Mmoja alikuwa kijana mrefu mwenye glavu nene na vumbi jeupe kwenye nyusi. Mwingine alikuwa msichana aliyevaa suti ya michezo ya samawati, msuko wake mmoja wa rangi ya ngano ukining'inia hadi kiunoni, na mgongoni amebeba mkoba mrefu, mnene. Mkoba huo ndio uliogeuka naye ukakipiga kioo.

"Dada, mji mzima unatafuta vioo vya madirisha, wewe unavipiga mabega!"

"Samahani sana, kaka. Nilisikia mtu anapiga kelele 'wewe mwenye mkoba,' ndiyo nikageuka."

"Ni mimi niliyepiga kelele!"

"Basi tumekivunja wote wawili."

Mzee Panas, aliyekuwa amekishika kioo kwa upande wa pili, alibaki na kipande mkononi kama mtu aliyebakiwa na mkono wa kikombe. "Nazar," alimwambia kijana, "ukimaliza kumtazama, nina damu kidoleni."

Msichana akatoa pochi. Nazar Kovtun akaikataa kwa kichwa. "Sitaki pesa. Twende tukachukue kingine, nawe utashika upande wa Mjomba Panas. Mgongo unamsumbua."

"Tangu enzi za Wasovieti," Panas akaongezea, na kwa mara ya kwanza msichana akacheka.

Hivyo ndivyo Yaryna Stebliuk, mchezaji wa tenisi wa kulipwa, alivyojikuta akibeba dirisha la bibi asiyemjua, chini ya miti ya lindeni iliyokuwa imechanua. Kioo kilikuwa kati yao. Nazar alitembea kinyumenyume, akimwona Yaryna ndani yake: mawingu yakipita juu ya paji la uso wake, majani yakimgusa midomo, ndege akiingia shavuni na kutokea sikioni. Alijikwaa mara kadhaa. Hakujali.

"Huo mkoba ni wa gitaa?"

"Wa raketi. Nacheza tenisi."

"Unalipwa kwa kupiga mpira?"

"Nikishinda. Nikishindwa nalipa mimi: hoteli, ndege, kocha. Nikiingia kwenye mia bora wa dunia nitapita mlango wa mbele wa mashindano makubwa. Sasa hivi napitia dirishani."

"Dirishani? Basi umekutana na mtu sahihi."

"Kumbe fundi una maneno!"

"Nina mengi. Kesho nitakuletea mengine."

"Kesho napanda treni ya Poland, niende nikacheze."

Nazar akakaza glavu kwenye kioo. Poland ilikuwa ng'ambo ya mpaka, na sheria ya vita haikumruhusu mwanamume wa umri wake kuuvuka. Kazi yake ilikuwa kubaki na kurudisha vioo palipopita makombora.

"Basi niachie namba," alisema. "Sauti haiulizwi pasipoti."

*

Mapenzi yao yakakulia kwenye simu. Yaryna alipiga akiwa Uturuki, amelala na barafu juu ya goti. Akapiga akiwa Tunisia, kinywa kimejaa tende. Nazar alijibu akiwa juu ya ngazi, simu ameibana kwa bega.

"Uko wapi, kajua kangu?"

"Kitandani. Nimeshinda seti mbili kavu. Nisifu."

"Siwezi, nimeshika kioo cha wodi ya wazazi. Kikianguka, mtoto wa kwanza kuamka atatukana jina lako."

"Mwambie aitwe Yaryna."

"Ni wa kiume."

"Haidhuru!"

Usiku mmoja wa mvua Nazar alimtungia beti. Hakuna aliyemfundisha, alizipima kama alivyopima fremu, kwa vidole, akikata palipozidi.

Kioo nimekipima, mwanga upate ingia,
Nikaona wasimama, ng'ambo wanisubiria,
Mpaka umeninyima, njia ya kukufikia,
Lakini wangu mtima, hauna wa kuzuia.

Yaryna alizisoma kwenye basi la wachezaji, akavuta kofia usoni ili mwenzake asimwone. Kisha akaandika: "Na madirisha ya watu umeyaacha?" Akazisoma tena. Wiki hiyo alishinda mechi zote, na jina lake likapanda ngazi kwa mkupuo.

Alirudi nyumbani mara chache, kila mara kwa treni ndefu kutoka mpakani, na kila mara Nazar alikuwa jukwaani kabla treni haijasimama. Walikaa bustanini wakila aiskrimu hata kwenye baridi. Yaryna alilaza kichwa kwenye paja lake, akitazama matawi, na dunia ilikuwa na upana wa benchi lile tu. King'ora kilipolia walishuka kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi wakiwa bado wameshikana vidole.

"Bibi anajua habari zangu na wewe?" Nazar alimuuliza siku moja. Bibi Motrya ndiye aliyemlea Yaryna, kijijini upande wa Poltava.

"Bibi anajua kila kilicho moyoni mwangu."

Aliyatamka kwa wepesi, kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Nazar akayaweka moyoni.

*

Majira ya kuchipua, Yaryna akiwa kwenye mashindano Ureno, Nazar aliamua kumshangaza. Alivaa shati la kudarizi la marehemu baba yake, akamfanya Mjomba Panas kuwa mshenga, wakapanda treni ya kijijini na mkate mkubwa uliofungwa kwa taulo jeupe. Hakumwambia Yaryna neno. Aliwaza: nitampigia jioni nimwambie, mke wangu, habari za huko.

Bibi Motrya aliwakaribisha, akawapa maandazi ya jibini, akamsikiliza Panas akisema maneno yote ya posa, kuhusu mwindaji na swala aliyeingia nyumba hii. Hakutabasamu. Alitoka, akaenda ghalani, akarudi amekumbatia boga. Akaliweka mezani, juu ya mkate.

Kwa Waukraine boga kwenye meza ya posa lina maana moja: nendeni, hamtakiwi. Akikubali, msichana huwafunga washenga taulo za kudarizi. Boga ni hapana, na hapana hiyo hairudiwi.

Bibi hakumchukia kijana. Alikuwa amemshika Yaryna mkono tangu mdogo, wakapita kwenye theluji hadi uwanjani, ili siku moja mtoto aende mbali na hapa. Sasa alimwona fundi huyu asiyeweza kuvuka mpaka, akamwona mjukuu wake akirudi kukaa naye chini ya makombora, na raketi zikining'inia ukutani. Lakini hayo hakuyasema. Alisema tu: "Chukueni mkale njiani."

Nazar akakumbuka: Bibi anajua kila kilicho moyoni mwangu. Basi hili boga ni la Yaryna mwenyewe. Alishindwa kulisema kwa mdomo, akamwachia bibi.

Kijana yule alikuwa na kiburi. Hakuuliza. Alizima simu, akaitupa kwenye sanduku la misumari, akapanda ngazi kwenda kufunga vioo.

*

Ureno, Yaryna alipiga. Simu haikuita. Akapiga tena baada ya chakula, baada ya mazoezi, baada ya kuoga. Habari zikasema Kharkiv imepigwa, upande wa kusini. Nazar alikaa upande wa kusini.

Aliingia uwanjani mchana ule na hakuona mpira. Ulimpita kulia, ukampita kushoto, njano, mwepesi, kama kitu cha ndoto ya mtu mwingine. Alitolewa raundi ya kwanza na msichana ambaye yeye ndiye alipaswa kumshinda. Kocha alimpungia mkono wa hasira kutoka jukwaani, yeye hakumtazama. Akatafuta namba ya Panas.

"Mjomba! Nazar yu hai?"

"Yu hai, anakula. Anakula vibaya, lakini anakula."

Yaryna akaketi sakafuni kati ya viatu vya watu. "Mbona simu yake imezimwa?"

"Binti, una moyo wa chuma. Mnatutupia boga, halafu unauliza mbona simu imezimwa?"

"Boga gani?"

"La rangi ya chungwa! Nimelibeba mwenyewe kwenye treni, abiria wote wananipa pole. Kila mmoja anadhani ni mimi niliyekataliwa. Konda akaniambia, mzee, kwa umri huo ulitegemea nini?"

Yaryna alifumba macho. Kisha akapiga kijijini.

"Bibi, umenikatalia mchumba?"

"Nimekukatalia kaburi," Bibi Motrya akajibu bila kusita. "Utarudi ukae dirishani kungoja kombora. Sikukupitisha kwenye theluji kwa ajili hiyo. Nilitaka uende mbali."

"Nimeenda, bibi. Na kila nikifika mbali, nampigia yeye. Bila hivyo huko mbali ni vyumba vya hoteli tu, vyote vina pazia moja."

Bibi akageukia kosa jingine. "Na yeye ana akili gani, kuja kuposa mwenyewe hupo? Anaposa kiti?"

"Hilo niachie mimi. Nitamsuta mpaka atubu."

*

Panas alimpelekea Nazar simu yake mwenyewe, juu kabisa ya jengo lisilo na madirisha. "Shika. Usinijibu mimi, jibu hiyo."

"Unanipa boga la pili?" Nazar alisema kwenye simu.

"Nazar Kovtun, funga mdomo nikutukane kwanza. Sikukukataa. Sikujua hata kama umeenda. Bibi aliamua peke yake, na wewe badala ya kuuliza ukanuna!"

Nazar alishuka kwenye ngazi. "Hukujua?"

"Kwingine mtu akikasirika ananyamaza, na mwenzake anajua amekasirika. Mtu wa Kharkiv hana ruhusa hiyo. Kwetu simu ikikaa kimya, mtu amekufa! Nimekuzika, unanisikia? Nimekuzika nikiwa bafuni na mswaki mdomoni. Nikaenda uwanjani kucheza nikiwa mjane."

Alikuwa analia, na kilio chake kilifika juu ya jengo lile kikiwa kimekatika vipande vipande kwa sababu ya mtandao. Nazar alikaa kwenye ukingo wa dirisha tupu. Kiburi chote kilimtoka, akabaki mwepesi kama shati lililoanikwa.

"Nisamehe, kajua kangu. Sitazima tena. Hata tukigombana, nitakupigia nikutukane."

"Sema tena."

"Nitakupigia nikutukane."

"Hapana, ile ya mwanzo."

"Kajua kangu."

Walisikilizana wakipumua. Kisha Nazar akasema jambo lililokuwa likimkaba. "Lakini bibi yako ana haki. Ukishinda sitakuwepo jukwaani. Ukianguka sitakuwepo kukuinua. Na siku moja utachoka na mume wa kwenye simu."

"Na mimi sitaacha tenisi nije kukupikia supu ya viazi vyekundu, kwa hiyo usitegemee."

"Nimeionja supu yako. Sitegemei."

"Basi hakuna anayemzuia mwenzake. Nioe."

"Unarudi lini?"

"Sirudi. Nina Italia, halafu Paris ikiwa nitafuzu. Nioe kwa simu."

Vita vilikuwa vimetenganisha wengi mno, na serikali ikawa imeruhusu: ofisa wa ndoa anakaa mbele ya simu, bwana harusi upande huu, bibi harusi upande ule, na neno lao linaandikwa. Walituma ombi. Siku ikapangwa.

*

Siku hiyo mvua ilinyesha Italia. Yaryna alikuwa kwenye korido ya wachezaji, amevaa gauni jeupe la kuchezea, msuko umezungushwa kichwani kama taji, akingoja uwanja ukauke. Kharkiv palikuwa na jua. Nazar alisimama kwenye chumba cha shule kisicho na vioo, shati la kudarizi chini ya koti la kazi, simu ameiegemeza kwenye ndoo. Panas alishika simu yake ambayo ndani yake alikuwemo Bibi Motrya, au tuseme kilemba chake na paji la uso, maana hakujua kuielekeza. Bibi hakusema kitu, ila kilemba kilikuwa kile cha sikukuu.

Ofisa, mama mwenye sauti nzuri, alianza kusoma. Hapo hapo mlango wa korido ukagongwa. Mvua ilikuwa imekatika.

"Stebliuk! Uwanjani!"

"Je, wewe Yaryna, kwa hiari yako..."

"Ndiyo!"

"Sijamaliza swali, binti."

"Malizia tu, mama, jibu ni hilohilo. Ndiyo."

"Nawe Nazar?"

Nazar aliyekuwa na maneno mengi alipata moja tu. "Ndiyo."

"Kwa mamlaka niliyopewa, nawatangaza mume na mke. Sasa mnaweza..." Ofisa akasita, akatazama nyuso mbili kwenye visanduku viwili, akainamisha macho kwenye karatasi zake. Yaryna aliweka midomo kwenye simu. Ule upande wa pili picha ikawa giza, kisha ukungu wa pumzi.

"Stebliuk!"

Akakimbia. Katika haraka ile aliitupa simu mkobani bila kuikata, akafunga zipu.

Ofisa aliaga. Simu ya Nazar ilibaki nyeusi, lakini ilikuwa hai. Kwanza ilitoa mkwaruzo wa raketi, kisha makofi ya watu wa mbali, kisha jina la Yaryna likitamkwa vibaya na mwamuzi. Kisha mpira: poo, poo, poo, juu ya udongo uliolowa. Nazar aliiweka simu kwenye ukingo wa dirisha. Akapaka gundi kwenye fremu, yeye na Panas wakainua kioo cha kwanza, wakakisukuma polepole hadi kikakaa. Mwanga uliingia ukalala juu ya madawati.

Poo, poo. Makofi. Kisha kimya, benchi likalia, na karibu sana, kama yuko chumbani, pumzi ya mtu aliyekimbia.

Panas alinong'ona, "Anashinda?"

Nazar aliinua kidole asiongee. Alikuwa amefumba macho, kiganja chake bado kwenye kioo.

"Sijui, mjomba," alisema. "Anapumua."